Mbona Leo Haonekani?

Ndugu msomaji, mwulize mtu yeyote anayerejea nyumbani kutoka barazani alikuwa akizungumza nini na wenzake kwa muda wa saa mbili nzima. Aghalabu atakujibu kwa neno moja: "Hakuna." Ukizidi kumbana atasema, "Tulikuwa tunapiga soga tu." Neno hilo "tu" ndilo lililonifanya nishike kalamu Jumapili hii, kwa maana nina shaka kubwa kama soga inastahili kudharauliwa kiasi hicho.

Tangu zamani soga imehesabiwa kuwa ndugu wa uvivu. Mama humkemea kijana wake kwa kushinda kijiweni. Mke humnung'unikia mumewe kwa kuchelewa kurudi. Msimamizi wa kazi huwatawanya wafanyakazi waliosimama mlangoni baada ya chai. Hata majina tuliyoyapa mazungumzo ya namna hii yanaonyesha jinsi tunavyoyatazama. Tunasema soga, gumzo, domo, porojo, michapo, na vijana wa leo husema stori. Katika majina yote hayo hakuna hata moja ambalo mtu angependa liandikwe katika barua yake ya kuombea kazi.

Sikusudii kuutetea uvivu. Nataka kuonyesha kwamba iko huduma moja kubwa tunayoipata katika soga, ambayo mjini ni vigumu kuipata penginepo, nayo ni kutambuliwa upesi siku mtu anapokosekana.

SALAMU NA MAJIBU YAKE

Tuanze na salamu, ambazo ndizo mlango wa soga. Watu wawili wanakutana asubuhi kwenye kituo cha basi.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nzuri tu."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na kazi?"

"Tunaendelea nazo, ndugu yangu."

Mgeni asiyezijua desturi zetu angeweza kusema kwamba watu hawa hawakuambiana lolote. Huenda hata mmoja wao alikesha na mtoto mwenye homa, lakini alipoulizwa habari alijibu "nzuri" kwanza, kama adabu inavyotaka, kisha ndipo akaongeza, "ila yule mdogo ametusumbua kidogo usiku." Mgeni atauliza: mbona alisema ni nzuri?

Jibu ni kwamba anayesalimu husikiliza sauti zaidi kuliko neno. Mtu anayekusalimu kila siku anaijua "nzuri" yako ya kawaida. Siku utakapoitamka kwa unyonge, atasimama na kukutazama usoni, atasema, "Vipi ndugu, mbona hivyo?" Asiyekuzoea hawezi kukuuliza swali hilo, kwa kuwa hana kipimo. Kipimo hupatikana kwa kusikia "nzuri" mia tatu ambazo hazikuwa na jambo lolote ndani yake.

Jambo hili wataalamu nao wameliona. Bronisław Malinowski, mzaliwa wa Poland aliyechunguza mila na desturi za watu, aliishi katika visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Visiwa hivyo leo ni sehemu ya nchi ya Papua New Guinea. Alijifunza lugha ya wenyeji na kuketi nao, na mwaka 1923 aliandika kwamba maneno mengi wanayoambiana watu wanapopumzika pamoja hayana nia ya kupeleka habari. Kazi yake ni kuwaunganisha wasemaji. Alieleza pia kwamba Wazungu hufanya vivyo hivyo wanapoulizana hali au kuzungumzia jua na mvua, na kwamba mtu anayekaa kimya mbele ya wenzake huwatia watu wasiwasi. Wazee wetu wasingepata shida kumwelewa. Kwetu mtu apitaye bila ya kusalimu huulizwa ana nini.

VIKAO VYETU

Waliojenga miji ya mwambao waliipa soga mahali pake. Tembelea Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, uone nyumba zilivyojengewa baraza za mawe mbele, kando ya njia. Nenda Lamu, ulioingizwa katika orodha hiyo mwaka 2001, uone daka la mlangoni pamoja na viti vyake vya kujengewa. Mtu alitumia mawe na chokaa yake kumjengea mpita njia mahali pa kuketi, hali hakudai kodi wala hakuweka mlinzi. Mpaka leo pale Zanzibar, mahali panapoitwa Jaws Corner, wanaume hukutana kwa kahawa na dhumna, wakabishana juu ya siasa na mpira mpaka giza liwafumbe.

Dar es Salaam nayo ina vikao vyake. Kariakoo, Magomeni, Temeke na kwingineko utakuta benchi la mbao chini ya mti au ubavuni mwa duka, muuza kahawa na birika lake juu ya makaa, sahani ya kashata, na pengine bao au drafti katikati. Somo kuu la kikao hicho linajulikana. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu hapo mashabiki wake hawajamaliza kutaniana. Mtu aliyefungwa timu yake Jumamosi hujua kabisa kwamba Jumapili akitokeza atachekwa, na bado hutokeza. Asipotokeza, utani wenyewe humfuata nyumbani: "Nendeni mkamwite, asije akajinyonga!" Watu hucheka, lakini mmoja wao amekwisha kuinuka kwenda kumwita.

Na tusidhani kwamba soga ni mali ya wanaume. Nyumba zetu za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, zina ua nyuma, na uani ndiko akina mama wanakokutana. Mmoja anapeta mchele, mwingine yu juu ya mbuzi anakuna nazi, wa tatu anamsuka jirani yake. Husemwa bei ya nyanya, ugonjwa wa mtoto wa chumba cha pili, harusi ya Jumamosi, na nani ana zamu ya kupokea upatu mwezi huu. Mikono haikusimama hata mara moja. Anayesema kwamba soga huua kazi hajapata kukaa uani.

DAFTARI LA MAHUDHURIO

Sasa tufikie kiini cha maneno yetu. Tuchukue mfano wa mzee mmoja aliyekuwa mwendesha winchi bandarini. Amestaafu, amepokea kiinua mgongo chake, mkewe amefariki, watoto wameolewa na wengine wamehamishiwa mikoani. Amepanga chumba kimoja. Kila siku ifikapo saa kumi jioni huja kijiweni, huketi mwisho wa benchi mahali pale pale, hunywa vikombe viwili vya kahawa, na husimulia habari za mchezaji fulani wa zamani ambazo wenzake wamezisikia mara hamsini. Wengi hapo hata jina lake kamili hawalijui.

Siku moja saa kumi inafika, na mwisho wa benchi hapana mtu.

"Mbona mzee haonekani leo?"

"Labda amekwenda Kibaha kwa binti yake."

"Jana hakutaja safari."

"Kweli, hakutaja."

Hapo, ndugu msomaji, ndipo thamani ya soga inapojitokeza. Jana mzee hakusema jambo lolote la maana. Alisimulia mpira, akalalamikia goti lake, akasema "Haya, tuonane kesho." Maneno hayo matupu yaliacha alama. Leo wenzake wanajua kwamba hakuwa na safari, kwamba goti lilimsumbua, na kwamba alikusudia kuja. Kijana anatumwa kwenda kubisha hodi. Huenda akamkuta mzee amelala tu kwa uchovu, akarudi kijiweni na kicheko. Huenda pia akamkuta ameanguka tangu asubuhi, hawezi kuinuka wala kupaza sauti. Tofauti ya kuokotwa saa kumi na moja jioni na kuokotwa baada ya siku nne ni maisha ya mtu, nayo imeletwa na benchi la mbao na kikombe cha kahawa.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo hutumika kumwonya mtu asikose kikao, maana haki yake itapotea. Lakini katika kikao cha soga mambo ni kinyume. Asiyekuwapo ndiye anayetajwa kwanza.

WANAKOKOSA DAFTARI HILI

Wako watu wenye mali kutuzidi ambao daftari hili limewapotea, na wameona matokeo yake. Japani ni nchi ya viwanda vikubwa, treni za mwendo wa kasi na hospitali nzuri. Hata hivyo, polisi wa nchi hiyo walihesabu watu zaidi ya 37,000 walioishi peke yao na kukutwa wamefariki majumbani mwao katika miezi 6 ya kwanza ya mwaka 2024. Karibu 4,000 kati yao waligunduliwa baada ya kupita zaidi ya mwezi mzima. Chukua muda kidogo ulitafakari jambo hilo. Mwezi mzima umepita, hakuna jirani wala rafiki aliyeuliza, "Mbona haonekani?"

Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, na Japani ikafanya hivyo mwaka 2021. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2025 ikisema kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na ikakadiria kuwa upweke unahusika na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Kabla ya hapo, mwaka 2010, wachunguzi wa Marekani walikusanya matokeo ya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 308,000. Waligundua kwamba wenye uhusiano mzuri na wenzao walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi kwa asilimia 50 ile ya wale waliotengana na watu.

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni ya wenzetu, sisi bado tuna undugu. Naomba asifanye haraka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka 10, na wengi wao wamehamia katika mitaa ambayo hakuna aliyekulia hapo. Nyumba mpya hazijengewi baraza. Zinajengewa ukuta mrefu na geti la chuma. Mfanyakazi anaondoka saa kumi na moja alfajiri ili aukimbie msongamano wa magari, na anarudi saa tatu usiku. Jirani yake anamtambua kwa honi ya gari lake wala hajui uso wake.

Lipo jambo la kushukuru katika simu za mkononi, ambazo zimewakusanya marafiki waliotawanyika. Watu waliosoma pamoja, mmoja yuko Mwanza, mwingine Mtwara, husalimiana kila asubuhi na kutaniana kama walivyotaniana darasani. Hiyo nayo ni soga halali. Lakini kundi la watu mia mbili lina kasoro moja. Katika kikao cha watu sita nafasi tupu huonekana kwa macho; katika kundi la simu anayenyamaza hafanani na mtu aliyekosekana, hufanana na mtu mwenye shughuli. Mtu anaweza kunyamaza wiki tatu huku maneno ya wenzake yakipita juu ya kichwa chake. Kwa hiyo ulioko katika kundi kama hilo, jizoeze kumtaja mtu kwa jina: "Fulani, hatujakusikia tangu Jumatatu, u hali gani?" Swali hilo moja ni bora kuliko picha kumi za maua.

MIPAKA YA SOGA

Baada ya kuisifu hivyo, ni haki pia kuiwekea mipaka.

Mpaka wa kwanza ni usengenyaji. Soga na usengenyaji vyote viwili humtaja asiyekuwapo, na ndiyo sababu watu huvichanganya. Anayepiga soga humtaja mwenziwe ili ajue yuko wapi na ana hali gani. Msengenyaji humtaja ili amvue nguo. Kipimo ni chepesi. Mnapomzungumza mtu, jiulizeni kama mngeweza kuendelea na maneno hayo hayo endapo angetokea ghafla pembe ya nyumba. Mkiona kwamba mngenyamaza, basi mmekwisha kuvuka mpaka.

Mpaka wa pili ni saa za kazi. Mwananchi ametoka Mbagala kwa mabasi mawili, amepanga foleni tangu saa mbili asubuhi, na sasa amesimama dirishani. Ndani, karani amegeuza kiti chake, anamalizia hadithi ya harusi aliyohudhuria juzi. Soga hiyo imeibiwa. Imekatwa katika muda wa mtu aliyelipa nauli ili ahudumiwe. Wafanyakazi wanayo saa ya chai na saa ya chakula. Waitumie kwa furaha na wasione haya. Lakini mtu akishasimama dirishani, yeye ndiye wa kuzungumza naye, na ni vyema aanzwe kwa salamu.

Mpaka wa tatu ni wa nyumbani, na ndio unaoniuma kuliko yote. Wako akina baba ambao barazani ni wachangamfu, wanasifiwa kwa maneno na vichekesho, lakini wakivuka kizingiti cha nyumba zao huwa mabubu. "Chakula kiko wapi?" "Maji yapo?" Basi, maneno ya siku yamekwisha. Mke wa mtu wa namna hiyo huja kusikia foleni ya maji kwamba kiwanda anachofanyia kazi mumewe kinapunguza wafanyakazi. Anarudi nyumbani na ndoo kichwani, anasema, "Baba fulani, mbona hukuniambia?" Naye anajibu kwamba hakupata nafasi ya kuliongea. Kwa wiki mbili amelala na mkewe chumba kimoja, hakupata nafasi! Ukweli ni kwamba jambo zito halipati njia pale ambapo mambo mepesi hayapiti. Angekuwa na desturi ya kumsimulia mkewe habari za basi bovu na mpishi wa kantini, siku ya habari mbaya angekwisha kuwa na pa kuanzia.

Watoto nao ni vivyo hivyo. Mzazi anayemwuliza mwanawe "Umepata ngapi?" peke yake, na asimwulize "Leo ulicheza na nani?", asishangae mtoto akipatwa na jambo la kutisha njiani akalificha. Mtoto husema makubwa kwa yule aliyezoea kumsikiliza katika madogo.

TUFANYE NINI?

Sidai kwamba kila nyumba ijengewe baraza ya mawe, ijapokuwa ningefurahi. Yako mambo machache yasiyohitaji fedha. Mjue kwa jina kila mtu unayeketi naye, ujue na nyumba anayolala. Ukisafiri, waage wenzako, ili kutokuwapo kwako kusiwape hofu bure. Mpangaji mpya akihamia, mpigie hodi umsalimu kabla hajawa na haja nawe. Mwenzenu wa kazini akistaafu, msiishie kumpa kanga na redio siku ya kuagana. Mwambieni saa mnazokunywa kahawa na mahali, na asipokuja mara mbili mfuatilieni, kwa kuwa siku ile aliporudisha kitambulisho cha kazi alipoteza mshahara na, pamoja nao, watu arobaini waliokuwa wakimwuliza habari kila asubuhi.

Na kama katika mtaa wako yuko mtu ambaye hujamwona tangu Alhamisi, weka gazeti chini kwa dakika kumi. Kurasa zilizobaki zitakungoja. Nenda ukabishe hodi.

Tukijaliwa, tuonane tena Jumapili ijayo.